Sauti ya Nyuma ya Kituo cha Tatu

Kiwanda cha sukari cha Santa Rita kilipokuwa bado kinatoa moshi, king'ora kikilia Jumapili watu walikwenda uwanjani kama waendavyo misani. Vijana walicheza besiboli kwa ajili ya kiwanda, na kwa ajili ya mama zao waliokaa jukwaani. Siku hizi mtoto akijua kurusha mpira tu, wakala keshamnunua kama mbuzi wa mnadani, na vipaza sauti vinapiga muziki mpaka mtu hasikii kishindo cha gongo. Kiwanda kiliuzwa kama vyuma chakavu. Timu ikabaki na jina. Ikabaki pia sauti moja ambayo vipaza sauti havikuiweza, ya Doña Eufemia Laureano, muuza mikate ya kukaanga, aliyekaa nyuma ya kituo cha tatu cha wakimbiaji tangu ujana wake.

Sauti hiyo ilikuwa na mtu wake wa kumwandama, naye ni mwamuzi Fermín Polanco. Zamani, katika fainali ya viwanda, Cirilo, kaka yake Eufemia, alitoka mbio kituo cha tatu akajitupa kifudifudi kwenye bamba la nyumbani, ambako mkimbiaji akiutangulia mpira timu hupata pointi, vumbi likatimka. Fermín akainua ngumi: "Nje!" Santa Rita wakashindwa. Cirilo mwenyewe alikwisha kufa, lakini kila Fermín alipoinama nyuma ya mdakaji, sauti ilimshukia:

"Fermín! Cirilo alifika!"

"Alikuwa nje, Doña!"

"Macho umemwachia mama mkwe nyumbani! Alifika!"

Uwanja ulicheka. Fermín hakucheka. Alioa, akazaa, akaota mvi na kelele hiyo mgongoni.

Kisha msimu mmoja Eufemia alikuja, akakaa, akanyamaza. Fermín alidhani ni mafua, maana alikuwa amejifunga kitambaa shingoni. Jumapili iliyofuata Fermín alitoa uamuzi mbaya hata yeye mwenyewe akaona haya. Kimya. Ndipo utamu wa ushindi ulipompanda kichwani. Alimgeukia Eufemia, akavua kofia.

"Ahsante kwa adabu, Doña. Hatimaye umekubali!"

Eufemia alicheka. Mabega yalimtikisika lakini sauti haikutoka. Akanyoosha mikono miwili, akaitandaza kama waamuzi wanavyofanya mkimbiaji akiwa salama: alifika. Dua la kuku hilo, Fermín akajisemea, akarudi kazini akiwa mwepesi kama kijana.

Kesho yake asubuhi aliingia dukani kwa Nereo kifua mbele.

"Nereo, nipe bia. Nimemzima yule mama. Kumbe dawa yake ilikuwa subira tu!"

Nereo alikuwa anakata salami. Kisu kikasimama.

"Umemzima nani?"

"Eufemia. Hana neno tena."

"Fermín, una akili timamu wewe? Koo la yule mama lilikuwa limeliwa na kansa. Madaktari walimwondolea sauti kabla ya Krismasi. Mtaa mzima unajua."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Alikataza. Alimwandikia binti yake kwenye karatasi ya mikate: Fermín akijua atanionea huruma, ataanza kuwapendelea Santa Rita. Sasa huo utakuwa mchezo gani?"

Fermín aliirudisha chupa kwenye kaunta bila kuigusisha mdomo.

"Basi nakwenda kumwona."

"Kumwona wapi, kaka? Amefariki alfajiri hii."

Watu waliokuwa wakicheza domino mlangoni waliacha kete zao. Fermín alitazama mikono yake, ile iliyovua kofia jana, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kwa watu wa Santa Rita, shabiki wa kweli haendi kaburini kabla ya kupita uwanjani. Siku ya mazishi wanaume walilibeba jeneza, fulana ya Santa Rita juu yake, wakalizungusha kituo kwa kituo. Vipaza sauti vilikuwa vimezimwa. Kwenye kituo cha tatu walisimama kidogo mbele ya kiti chake, kisha wakageukia bamba la nyumbani, alikosimama Fermín na barakoa yake ya chuma mkononi.

"Mpe, Fermín!" watu walipaza sauti. "Mpe salama yake, mzee! Leo ni leo!"

Wabebaji walilitua jeneza kwenye bamba. Mikono miwili ikitandazwa, mambo yamekwisha, kila mtu anakwenda kula wali wa matanga. Fermín alilitazama jeneza muda mrefu. Kisha mkono mmoja ukapanda, vidole vimekunjwa.

"Nje!"

Mwanamke mmoja alipiga ukemi. Mbebaji mmoja aliachia kishikio cha jeneza.

"Ibilisi mkubwa wewe!" Nereo alifoka. "Hata kwa maiti?"

Yocasta, binti wa marehemu, alikuja hadi karibu na uso wake. "Don Fermín, umefanya nini? Umemfanya nini mama yangu?"

Fermín hakumwangalia. Shingo alikuwa ameigeuzia nyuma ya kituo cha tatu, sikio limetegwa kwenye kiti kile kitupu.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni kidogo. Atajibu."