Nukta Sita Alizozijaza Bosi

Kabla ya kufungua ofisi ya kompyuta hapa Busia, bosi wetu alikuwa wakala wa kupitisha malori mpakani Malaba. Hadi leo anadhani kila kitu duniani ni lori, lazima kiwe na karatasi.

Kazi ilitoka kwa watafiti wa ng'ambo, mmoja wao Mkenya. Wanachukua protini isiyoyeyuka, wanaizungusha kwa kasi ndani ya sumaku kubwa, mashine inatoa ramani ya nukta. Kila nukta ni ishara ya atomi. Sisi tunasema ni ya kiungo kipi kwenye mnyororo wa protini: unashika kaboni ya kiungo kimoja, inakuonyesha jirani yake, unasonga. Kemia yangu ya kidato cha nne ilinitosha, mtoto akiwa mgongoni.

Katikati ya mnyororo ishara zikakatika. Viungo sita havikuwa na nukta. Nikaandika: havionekani.

"Mama Mtoto, lori sita imepotea wapi?"

"Haijapotea, bosi. Hapo protini inachezacheza, ishara inafifia. Mwongozo wa watafiti umesema."

"Na hizi nukta hafifu pembeni?"

"Kelele za mashine tu."

"Zipe kazi! Mteja hapelekewi foleni yenye mapengo."

Nikakataa. Akavuta kiti changu, akazigawa mwenyewe, hii huku, ile kule, akipiga mluzi kama anayegawa sukari. Kisha akaituma faili ikiwa na jina langu chini. Wiki tatu za macho yangu, ameziharibu kwa dakika kumi!

Siku chache baadaye yule Mkenya akapiga simu ya video. "Nani alijaza hizi sita?"

Bosi akachekelea meno yote nje. "Samahani, Daktari. Ni huyu mama. Ni wa sekondari tu, tunamwondoa leo."

Damu ikanipanda. "Bosi," nikasema, "mwonyeshe Daktari jirani wa hiyo nukta ya kwanza."

Akainama kwenye kioo. Akasogeza kishale juu, akakishusha.

"Yuko... hapa hapa karibu."

"Karibu wapi?" akauliza Daktari.

Nikachukua kipanya mkononi mwake, nikazifuta zote sita, moja moja.

"Ramani ya pili nitakayotuma mpe huyo mama," Daktari akasema.

Bosi akasema mtandao unasumbua, akakata simu.

Ramani ya pili iko mbele yangu sasa. Ina mapengo tisa, na hakuna mtu aliyethubutu kuvuta kiti changu.