Injini ya Lori na Safari ya Mama Mkwe

Nimekaa na jambo hili miaka mingi nikijifanya nimelisahau, lakini watu wa Handeni hawasahau, kila nikifika kule lazima mtu aniulize hali ya gari langu kwa sauti ile ya kumuulizia mgonjwa, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe, mcheke mara moja tumalize.

Ilikuwa bado enzi ya Mwingereza, mimi nakaa Korogwe, kazi yangu kununua mayai na kuku vinavyoshushwa kutoka Bungu milimani na kuwauzia wenye hoteli na maduka mjini. Na nilikuwa na gari. Nasema gari kwa heshima tu. Kwanza lilikuwa la padri mmoja, padri akamuuzia Mhindi mwenye duka la vitambaa, Mhindi akalitumia mpaka akalichoka, ndipo akaniuzia mimi, na ile saa ya kuhesabu maili ilikuwa imezunguka mpaka mwisho ikarudi mwanzo, hivyo ukiitazama ungedhani gari limeshuka melini juzi. (Nilikuwa nikiwaonyesha watu saa hiyo. Ndiyo, niliwaonyesha.)

Tambarare lilikwenda. Ugonjwa wake ulikuwa kupanda. Siku nilipokwenda Handeni kumposa Mwanaidi, binti wa Mzee Sekiete, nikiwa na mjomba wangu na shangazi yangu, gari liliishiwa pumzi katikati ya kile kilima cha bomani, wazee wangu wakashuka kusukuma, shangazi na kanga zake mpya, na Mzee Sekiete, ambaye nyumba yake iko huko juu, akatoka nje akasimama kututazama mpaka tukafika. Alitupokea vizuri, akatukaribisha maji, halafu akasema taratibu, "Naona posa imekuja kwa miguu."

Posa ilikubaliwa, lakini mimi wala sikusikia ilivyokubaliwa, nilikuwa nasikia neno lile tu, nikarudi nalo Korogwe na likawa linanikera hata nikihesabu mayai. Mtu mwenye akili angeliuza gari lile akapanda basi. Mimi nikaenda kwa Fundi Sefu.

Sefu alikuwa rafiki yangu na fundi hodari, ila alikuwa na kasoro moja, hakujua kusema haiwezekani, ukimwambia unataka gari lako lipande mti atakuuliza mti gani. Akanitafutia injini ya lori la mkonge lililopinduka upande wa Mazinde, lori limekufa lakini injini nzima, na ilipoletwa ikawekwa chini kando ya gari langu, nilishindwa kuona ni kipi kitaingia ndani ya kipi.

"Itaingia?" nikamuuliza.

"Itaingia. Gari ndilo litakalosogea."

Basi akakata chuma hapa, akaunga pale, akasukuma rejeta mbele mpaka ikatokeza kama meno ya ngiri, boneti ikakataa kufunga tukaifunga kwa kamba ya mkonge. Mjomba alipita kuangalia kazi, akazunguka gari, akauliza, "Na breki je?"

"Breki za nini, mzee?" Sefu akamjibu. "Shida yetu ilikuwa kupanda."

Mimi nikacheka. Mjomba hakucheka, na siku ya kupeleka mahari aliondoka asubuhi na mapema na shangazi, kwa basi.

Nilikwenda peke yangu kwa ngurumo ambayo haijapata kusikika katika barabara ile, kuku wanaruka, mbuzi wanakata kamba, usukani mzito kama jembe kwenye udongo mkavu kwa sababu pua yote ya gari ilikuwa imeinama, lakini nilipofika kilima cha bomani gari likapanda kama limeitwa, nikapiga honi, watu wakatoka majumbani, wengine wakanipigia makofi, na mimi nikatoa mkono dirishani kuwapungia (fikirini hilo, mkono dirishani, kama gavana).

Ningeishia hapo. Ningeegesha, nikaamkia, nikala wali, nikanyamaza. Lakini Mzee Sekiete akalizunguka gari, akaligonga kwa fimbo, akasema, "Mama yako anataka kushuka gulioni. Basi mpeleke, na mimi nipande nione."

Nikasema, "Twendeni, baba."

Mama mkwe, mwanamke mzito wa mwili na wa heshima, akaketi nyuma amejitanda, mzee mbele na fimbo yake. Nanyi mnajua mkwe wa kike kwetu ni mtu wa kuogopwa, humtazami usoni, humgusi, ukikutana naye njiani unampisha vichakani, sasa mimi nimempakia nyuma ya injini ya lori.

Tukaanza kuteremka. Nikakanyaga breki, gari likapunguza kidogo, kwa adabu, kisha likabadili mawazo. Nikakanyaga tena, mguu ukashuka mpaka chini bila kukutana na kitu. Na joto la injini ile lilikuwa limeichoma kamba ya mkonge taratibu njia nzima, hapo ikakatika, boneti ikainuka ikajibandika kwenye kioo, ikawa sioni mbele.

"Mwanangu," mzee akasema kwa utulivu, "gulio tumelipita?"

Hatukuwa tumelipita, tulikuwa ndani yake. Nilisikia vyungu vikipasuka na akina mama wakinitajia ukoo wangu wote kwa Kizigua, nikakata usukani upande ambao hapakuwa na sauti, na hapakuwa na sauti kwa sababu ndipo Bwana DC alipokuwa amesimama juu ya meza akihutubia habari za kupanda mihogo, na mbele yake watu walioletwa na majumbe wao, wamekaa kimya wanasinzia. Waliamka. Gari likaruka mtaro, vyuma vya Sefu vikaachia, na injini ya lori ikatoka chini ikaanguka mbele ya meza ya serikali, inatoa moshi, na magurudumu ya mbele yakalala kila moja upande wake.

Hakuna aliyeumia, ila milango ilikuwa imepinda haifunguki. Mimi nikatokea dirishani, mzee amebanwa na fimbo yake, mama mkwe yuko nyuma amekaa vile vile, na umati mzima unanitazama kuona kama nitathubutu kumshika mkono. Nikasimama pale kama mlingoti. Mwishowe ni askari wawili wa boma waliomtoa dirishani, kwa heshima kadiri dirisha lilivyoruhusu.

Bwana DC akashuka mezani, akaitazama injini, akalitazama gari, akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Kitu hiki ni nini?"

Mzee Sekiete akatoa kichwa dirishani. "Huyo ni mkwe wangu, bwana."

Mihogo haikuzungumzwa tena siku ile. Watu walicheka mpaka Bwana DC naye akageuka upande, na wa kwanza kucheka walikuwa wale wale walionipigia makofi kilimani. Mama mkwe peke yake hakucheka, alijitanda upya, akapita mbele yangu nikiwa nimeinamisha kichwa, akasema, "Nilitaka chumvi tu."

Ndoa ilifungwa. Mwanaidi alikuja Korogwe kwa basi, amekaa kando yangu, na mahali popote dereva alipokanyaga breki, mke wangu aliniangalia. Injini aliichukua mwenye duka mmoja pale Handeni akaifunga kwenye mashine ya kusaga mahindi, wakaiita Mashine ya Mkwe, na nasikia ilisaga vizuri sana, kwa sababu hapo haikuwa na mahali pa kwenda.

Mimi tangu siku hiyo sijagusa injini ya mtu wala yangu, na kijana akija kunilalamikia kwamba gari lake linashindwa mlima, namwambia ashuke atembee, huko juu watamwona tu.