Mtu wa Miwani Nyuma Yetu

Juzi pale Nateete, pembeni mwa Kampala, nilikutana na vijana wa baiskeli, wamevaa helmeti na kaptura zinazobana kuliko soksi. Walikuwa wanaelekea magharibi, vilima na mabonde kutwa nzima, kwa kujifurahisha tu. Mmoja akaniuliza kama nimewahi kusafiri hivyo. Nikavuta tumbo ndani, nikasema ndiyo. Sikumwambia kwamba nilikaa kwenye keria.

Ilikuwa enzi ya wanajeshi, nami nilikuwa shule ya msingi. Mjomba alijitolea kunipeleka likizo kwa bibi, nikajiona nimependwa kuliko watoto wote wa nyumbani. Mama alitufungia ndizi za gonja za kuchoma kwenye jani la mgomba, akaniamuru nisimjibu mtu njiani, hata nikiulizwa jina. Siku hizo hata jirani akikusalimia mara mbili, ulijiuliza anatafuta nini.

Barabara ile haikujua tambarare. Unasukuma baiskeli kupanda kilima, unateremka hadi kwenye bonde la mafunjo lenye harufu ya tope, vyura wananyamaza mnapopita, kisha kilima kingine. Kileleni mjomba alisimama kupumua, akageuka, akamwona mtu wa miwani myeusi na baiskeli yake. Tukisimama, anasimama. Tukisukuma, anasukuma. Mjomba alipunguza mwendo ili atupite, naye akapunguza.

Miwani myeusi wakati ule haikuwa ya jua. Ilikuwa ya watu waliokutia kwenye buti la gari, na nyumbani kwenu wakaacha kulitaja jina lako.

Kwenye miteremko yule mtu alikanyaga tairi la mbele kwa soli ya ndala badala ya breki. Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, maduka yao kule Old Kampala yamepata wenyewe wapya, na mpira wa breki haukuonekana tena. Mjomba akaninong'oneza kwamba hiyo ni hila, mpelelezi lazima ajifanye maskini. Breki zetu zilifungwa kwa waya, lakini hilo halikumfanya ajishuku mwenyewe.

Kwenye daraja la bonde la mwisho kulikuwa na kizuizi. Mwanajeshi alinitazama mimi, akamtazama mjomba, akainua mkono tupite. Nyuma yetu mwenzake alikwisha kumshika bega yule mtu na kumvutia kando, walikokalishwa wanaume wengine, wote bila viatu. Yule mtu akatuonyesha kidole.

"Wewe," mwanajeshi akamwita mjomba. "Hii mtu nasema iko pamoja na wewe. Kweli?"

Akikubali, na yule ni mpelelezi, amejitia mtegoni. Akikataa, na yule ni mtu tu, atavuliwa ndala. Nilisikia mgongo wa mjomba ukikakamaa chini ya viganja vyangu.

"Ni shemeji yangu, afande. Breki hana, ndiyo maana amebaki nyuma."

Mwanajeshi aliikagua ile soli iliyolika hadi kisigino. "Na nyinyi mkampa dada yenu mtu bila breki?" Wenzake wakacheka, wakatuachia.

Tulipoufikia mlima mwingine yule mtu akavua miwani. Jicho moja lilikuwa jekundu, limevimba kama nyanya. Mjomba akampa gonja.

"Nisamehe, ssebo, bwana wangu," yule mtu akasema. "Tangu Nateete nilipomwona mtoto kwenye keria, nilijua nyinyi hawatawasumbua. Mtu peke yake hapiti."

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Na mimi unadhani nimembeba wa nini?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikaacha kutafuna.

Nilimnunia mjomba likizo nzima. Likizo iliyofuata niliugua surua, akaondoka peke yake. Bibi alipika, akangoja. Hatukumwona tena.

Leo kizuizi hakipo, na mafunjo yamefukiwa, wamejenga juu yake magereji. Wale vijana waliniaga kwa furaha, wakaondoka kwa msururu. Wa mwisho alivaa miwani myeusi. Nilibaki nimesimama kando ya barabara hadi mmoja wao alipogeuka na kumwita yule wa miwani kwa jina.