Bundi wa Bibi Tatu

Nilipokuwa na miaka minane niliokota kinda la bundi, na kwa sababu ya kinda lile bibi yangu alivunjwa mkono na kung'olewa meno mawili. Naanzia hapo, maana sina hamu ya kuzungukazunguka.

Tulikaa Masaki ya Kisarawe. Siyo Masaki ya mabalozi, jamani. Yetu ni ya mihogo, mikorosho na mkaa. Baba alikuwa akihangaika na vibarua Dar, kwa hiyo shamba, mbuzi na sisi sote tulikuwa mikononi mwa mama yake, Bibi Tatu. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Mama alikuwa mtu wa bara, ameolewa pale, na majirani walikuwa bado hawajamzoea.

Bibi alituonya kila mara tusisogelee bundi. Akilia juu ya paa, Bibi alitupa chumvi motoni na kumporomoshea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. "Huyo haji bure," alisema. "Anafuata roho ya mtu." Mimi nilikuwa mbishi. Nilimkuta kinda chini ya mkorosho, manyoya meupe kama pamba, mdomo wazi kwa njaa. Nikamficha ndani ya tenga, uvunguni mwa kitanda cha Mama, nikawa namlisha panzi.

Siku ya nne mtoto mchanga wa jirani yetu Chande akafa kwa homa. Walipotoka kuzika, kuna mtu akasema amesikia bundi analia ndani ya nyumba yetu. Wakaja jua likiwa utosini. Chande alikuwa mbele na panga, nyuma yake vijana wenye fimbo na mipini ya majembe, watu waliokula futari kwetu mwaka uleule. Walivunja mlango, wakapindua kitanda, wakamtoa bundi. Chande akamkata kichwa palepale kizingitini. Kisha akamkamata Mama nywele, akamburuta hadi uani.

"Umetuletea uchawi wa kwenu! Mwanangu alikukosea nini?"

Fimbo ya kwanza ilimpata Mama mgongoni, ya pili shingoni. Nilitaka kusema ni wangu. Wallahi nilitaka. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka, nikajikojolea.

Bibi alitoka jikoni akapita katikati yao.

"Mwacheni mke wa mwanangu. Bundi ni wangu."

"Bibi Tatu, usimkingie kifua huyu mgeni."

"Chande, mimi ndiye niliyekupokea siku uliyozaliwa. Nikikuambia ni wangu, ni wangu."

Basi wakamwacha Mama, wakamgeukia yeye. Mmoja alichukua mchi wa kinu chetu wenyewe, akampiga nao mkono, na ule mlio wa mfupa ninausikia mpaka leo. Ngumi ikamtoa meno. Wakamkalisha chini wamnyoe, maana kwetu mchawi hunyolewa ili nguvu zimtoke. Walimnyoa kwa wembe mkavu, bila maji, damu ikimtiririka masikioni. Bibi hakulia. Alikuwa akisema tu, "Ni wangu, ni wangu," mpaka mwenyekiti wa kitongoji alipofika na kuwafukuza.

Tangu siku hiyo watoto wa Masaki hawakumwamkia shikamoo. Wanawake waliacha kumwita kwenye uzazi, yeye aliyepokea nusu ya kijiji. Akalima kwa mkono mmoja, akatulea, akanisomesha. Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza miaka ishirini na mitatu, na aibu yake siifichi.

Mwaka jana alipougua nilimchukua akae kwangu Kibaha, jirani na kituo cha Kwa Mathias. Mchana mmoja nilikuwa namkanda ule mkono uliounga vibaya, nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, yule bundi nilimleta mimi."

"Najua. Asubuhi ile nilikuona ukimlisha, kabla sijamtoa wakaja."

Nikaangua kilio. Nikamwambia mtoto wa Chande alikufa kwa malaria, ndege wa watu hana kosa, sote hatukuwa na kosa.

Akanikatiza. "We! Acha ujuaji wako wa shule. Bundi yule ndiye aliyemmaliza yule mtoto. Na wewe ndiye uliyemleta. Haya, kanda hapo chini, panauma."

Alifariki baada ya wiki tatu. Miaka yote ile nilikuwa najifariji kwamba Bibi alijitoa kwa sababu alijua mimi ni mtoto tu, na ndege ni ndege tu. Kumbe hapana. Machoni pake nilikuwa nimeua mtoto wa jirani, na aliamini hivyo mpaka anaingia kaburini. Na bado alisema ni wake. Mimi nina watoto wawili sasa, nawapenda kufa, lakini sijui kama ningeweza.