Jangwa Lao Lilisubiri Mgonjwa

Bibi yangu kule Dodoma alikuwa na mbuzi kilema, jike jeusi, mwizi wa mahindi hakuna mfano. Ndiye aliyenitoa shule darasa la tatu, maana nani angemchunga? Kundi likitoka, bibi humtanguliza yule kilema, wenye miguu mizima wafuate. Nikilalamika tutachelewa maji, ananijibu, "Maji yana miguu?"

Nilikuwa nimeshamsahau yule mbuzi, mpaka siku ile ghalani, hapa Guangzhou.

Sisi Wakristo wa Bara tunaonunua nguo soko la Shisanhang hujaza kontena moja kwa pamoja, na Jumapili tulikuwa tukisali chumba kimoja mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya cherehani. Kiongozi wetu, tuliyemwita mchungaji ingawa hakuna aliyemwekea mikono, alipenda jangwa. Kila Jumapili jangwa! Eti Wayahudi waliliandika kuwa chekeche la Mungu, na Uchina ndiyo jangwa letu, anayechoka aachwe.

Sasa siku ya kufunga kontena, dada mmoja wa Mbeya yuko hospitali, kapasuliwa tumbo. Marobota yake, nguo za watoto za Krismasi, yangetoka kwa fundi kesho yake. Zikingoja kontena lijalo zifike Januari, nani atazitaka?

"Tusubiri hadi kesho," nikasema. "Laobani mwenye ghala kakubali."

"Mzee wangu, jangwani hakuna kusubiriana," mchungaji akasema. "Fungeni milango."

Damu ikanichemka. "Hakuna? Si haohao Wayahudi walioandika kwamba dada wa kiongozi aliugua, akawekwa nje ya kambi, na umati mzima ukakaa chini mpaka aliporudishwa? Na jua lile, na kiu ile! Wewe jangwa lako umelitoa wapi?"

"Yule alikuwa dada wa kiongozi bwana," kijana mmoja akasema akicheka.

"Na huyu dada wa nani? Wa mbuzi?"

Wakaangua kicheko. Mchungaji akaniuliza kwa upole, ule upole wa kuudhi, "Mzee, vile ulifika darasa la ngapi?"

"La tatu. Soma wewe uliyefika mbali, uone kama walimwacha!"

Nikaingia kontenani, nikaburuta marobota yangu ya jinzi nje, moja moja, mgongo unalia.

"Utakosa Krismasi, mzee," mchungaji akasema.

"Yatangojana na ya dada."

Nikaita toroli, nikapakia, nikatoka getini. Chumba kile cha Kangle sijakikanyaga tena.