Tuliingia kwa Lango Kubwa

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mke wangu anisamehe. Siku hiyo, mwanangu, nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nikifa nitapumzika.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari hapa Bujumbura. Unaijua desturi yetu: ukikubaliwa tu kusomea udaktari, kabla hujashika hata sindano, mtaa mzima unakuita Dogiteri. Kwetu Musaga, mama yangu akawa Mama Dogiteri, na wanawake wakaniletea watoto wenye kikohozi. Kumbe Dogiteri mwenyewe alikuwa ameanguka hata mtihani wa marudio. Usingizi ulinikimbia, chakula hakikupita kooni, nikawa najifungia nikilia. Ningemwambia nani? Mwalimu mmoja alikuwa ametuambia kwamba daktari haugui. Uongo mtupu! Nilimwamini, na uongo wake nusura unizike.

Shangazi Zaituni, dada ya baba, alinikuta mchana nimelala, pazia limefungwa. Akakaa kitandani, akaniuliza bila kuzunguka:

"We mutoto, unataka kufa?"

Nikasema ndiyo. Hakupiga kelele, wala hakunihubiria, ingawa alikuwa mtu wa swala tano. Alinishika mkono.

"Basi leo mi sikuachi peke yako. Kesho tunaenda kwa munganga wa kichwa."

Akatandika mkeka wake mlangoni pangu. Asubuhi majirani walikuwa wameshanusa habari, wakamshauri anipitishe mlango wa nyuma wa hospitali ya wagonjwa wa akili, maana watu waliiita nyumba ya wendawazimu. Shangazi akafungua sanduku, akatoa imvutano, vazi ambalo wanawake wetu huvaa kwenye arusi na mahari, akajifunga begani. Tukapanda basi hivyo hivyo, mimi nimeinama, yeye anang'aa. Kwenye lango kubwa tukakutana na mama mmoja wa mtaani kwetu, akanong'ona:

"Unamupeleka nani huku?"

"Mutoto yangu. Ni mugonjwa, na atapona. We ukishikwa na malaria, unafichaka?"

Alilisema hilo kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Masikio yaliniwaka kwa haya. Lakini tukaingia, nikatibiwa miezi mingi, na mwaka nikaurudia, mtaa wote ukijua. Waliocheka walicheka. Leo wakiugua, wanakuja kwangu.

Sasa nafundisha, na ninawaona ninyi mnaotabasamu wodini huku moyo umechoka. Sitanyamaza. Mganga hajigangi, mwanangu. Wazo la kufa likikujia, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu leo hii, kwa maneno yasiyofichwa, akae nawe, akupeleke kwa daktari. Na ukimwona mwenzako amejitenga, muulize waziwazi kama shangazi alivyoniuliza. Kuuliza hakumpi mtu wazo alilokuwa hana. Atakayekuambia daktari haugui, mwambie yupo mzee mmoja aliyeugua na bado anawafundisha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami kilio chako sikitaki. Mtihani unarudiwa, mwaka unarudiwa, wewe hurudiwi.

Mungu akushike mkono siku utakayoona giza. Akuzeeshe, mwanangu, mpaka uote mvi, nawe uwachoshe vijana kwa maneno mengi kama ninavyokuchosha mimi.