Kopo la Mirihi la Mwalimu Venanti

Mwalimu Venanti alihamishiwa Kibondo kutoka Bukoba. Alikuja na sanduku moja, redio moja na matumaini mazito kuliko vyote viwili. Alikuwa mseja mpole, na ugali wake haukuwahi kuiva sawasawa, Mungu amrehemu.

Mwaka wa sabini na sita redio ikatangaza kwamba Wamarekani wameteremsha chombo kwenye sayari ya Mirihi. Kimechota udongo, kimeuchunguza hukohuko, wala hakitarudi.

"Kufika ugenini kote kule usirudi na kitu!" alisikitika Venanti. "Hata mtoto akitumwa sokoni hurudi na chumvi."

Akaanza kubuni mwenyewe chombo cha kuurudisha. Ubao wa darasa la sita ukajaa: huku mkono wa kuchotea, kule kopo la kutunzia, juu mwavuli wa kushukia. Udongo ule, aliwafundisha watoto, usiguswe wala usipuliziwe pumzi ya mtu, na kopo lizibwe hata chawa asipenye. Hesabu za kugawanya zikasubiri, kama wengine tunavyousubiri ufalme.

Mungu humjaribu mtu kwa kile anachojivunia. Bwana shamba mmoja wa Kasulu akaleta habari: kijiji kinachotaka miche ya kahawa kipeleke udongo ukapimwe. Lori litapita kuuchukua Ijumaa asubuhi. Atakayelikosa angoje mwaka mwingine. Kijiji kizima kiliitamani miche ile. Venanti akajitolea.

Akatia kopo ndani ya kopo, katikati nta ya nyuki. Mhunzi akamfulia kifuniko chenye meno, kikishang'ata hakiachii. Ijumaa alfajiri akaingia shamba la mjane Josepha, lenye udongo mweusi kuliko yote, uso ameufunga kitambaa, mikono ameivika soksi. Akachota, akafunika, meno yakang'ata.

Josepha alimwona. Mtu aliyeficha uso, anachota udongo wa shamba la mwenzie kabla ya jua! Kwa Waha jambo hilo lina jina moja, na si sayansi. Yowe likapigwa, watu wakajaa, Venanti akaletwa uani kwa Josepha.

"Mwalimu," alisema mzee Tharsisi, balozi wa nyumba kumi, "wachawi wa hapa hawavai soksi mikononi. Uchawi huu wa kwenu ni wa namna gani?"

"Ni sayansi, mzee wangu. Na Mirihi watachota hivihivi."

"Na huko Mirihi watapiga hodi?" aliuliza Josepha.

Katika michoro yote ya Venanti hapakuwa na mahali pa hodi.

"Fungua, mama arudishiwe udongo wake," aliamuru balozi.

"Halifunguki, mzee. Ndio uzuri wake."

Wakajaribu kwa panga, kwa mchi, kwa shoka. Kopo likapata makunyanzi tu.

"Safari nzima umeifikiria," alisema Tharsisi akihema, "mfunguaji hukumfikiria."

Barabarani lori likapiga honi. Miche ya kijiji kizima ilikuwa inakwenda zake. Venanti akavua soksi, akatoka nje ya ua, akageuka.

"Hodi, mama."

Josepha akamwacha aite mara ya pili, na ya tatu.

"Karibu. Una shida gani asubuhi yote hii?"

"Naomba udongo kidogo wa shamba lako, nipeleke Kasulu."

"Huohuo uliokwisha kuchukua?"

"Huohuo, mama."

"Chukua, mwanangu. Lakini kaa kwanza unywe uji. Mgeni wangu haondoki na njaa."

"Lori, mama..."

"Dereva naye ana tumbo. Mwiteni."

Dereva akaja, akanywa, akaongezewa. Lori likangoja.

Huko Kasulu bwana shamba alihangaika na kopo siku nzima. Mwishowe akalitikisa sikioni, akaandika: udongo mzuri sana. Miche ikafika kabla ya mvua, na kopo likabaki ofisini kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Venanti akarudi ubaoni na chaki. Mbele ya mkono wa kuchotea akachora kengele ndogo ya kupigia hodi. Kifuniko hakukigusa.